Msitu Ulionibakia

Machi 2020 vyuo vilifungwa, na mimi sikurudi tena. Hoteli aliyokuwa akipika Baba ilifunga milango, karo ikaishia hapo. Kafyu ilipoanza tarehe 27, kufika saa moja jioni tulikuwa tumejifungia, watu watano chumba kimoja, kila mtu amenuna.

Asubuhi moja Baba akaniambia, "Vaa viatu, twende Karura." Tunaishi Githogoro, si mbali. Tukatembea kimya, barakoa kidevuni. Chini ya miti ndipo akaanza kuongea.

Miaka ya tisini, akasema, sehemu za msitu huu ziligawiwa watu binafsi wajenge. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikuja kupanda mti. Wakashambuliwa, yeye akapasuliwa kichwa. Wanafunzi wa vyuo wakaandamana, vyuo vikafungwa. Agosti, Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

"Na wewe Baba ulikuwa wapi?"

Akacheka kidogo. "Jikoni, namenya viazi. Nilisikia kwa redio, nikaendelea kumenya."

Hilo jibu lilinigusa kuliko historia yenyewe. Watu wasiotujua walipigwa, na miaka 21 baadaye mpishi asiye na kazi na mwanawe asiye na digrii wana mahali pa kupumua.

Tulirudi karibu kila wiki. Chuo bado sijarudi. Lakini nyumbani tulianza kuongea tena, na mimi nikaanza kuandika.