Mkaa Uliokuwa Maktaba

Mwaka 2004 nilikuwa kijana mwenye stashahada ya uandishi wa habari na miezi michache tu ya kazi, katika kituo kimoja cha redio ambacho leo sitakitaja jina. Kompyuta zilikuwa zimeingia studio, na chumba cha kuhifadhia kanda kilitakiwa kigeuzwe ofisi. Tukaagizwa tuzibebe kanda zote za zamani, zile kubwa za magurudumu mawili, tukazitupe. Nyingi zilikuwa zimeota ukungu, nyingine zimegandamana, na mashine ya kuzichezea ilikuwa imekufa siku nyingi. Tukaambiwa kwamba kanda isiyosikika ni takataka kama takataka nyingine. Nami nikabeba makasha yangu saba. Juu ya kasha moja paliandikwa kwa kalamu ya wino: "Mazungumzo na wazee wa mji." Wazee wale walizungumza nini, hakuna tena awezaye kutuambia.

Nimelikumbuka jambo hilo juma hili kwa sababu nimekuwa nikifuatilia habari za mkaa. Si mkaa wa gunia tunaoununua mtaani kwa bei inayopanda kila kukicha, bali mkaa ambao zamani ulikuwa vitabu.

Mwaka 79 baada ya Kristo, mlima Vesuvius, ulioko karibu na Naples nchini Italia, ulilipuka na kuifunika miji ya Pompeii na Herculaneum. Huko Herculaneum palikuwa na jumba la tajiri mmoja lenye maktaba. Vitabu vya siku zile vilikuwa magombo, yaani karatasi ndefu zilizokunjwa kama mkeka, zilizotengenezwa kwa mafunjo ya mto Nile. Ni mmea ule ule tunaouona umesongamana kandokando ya Ziwa Victoria. Joto la majivu ya volkano liliyababua magombo yale, lakini kwa kuwa yalifukiwa pasipo hewa, hayakuteketea. Yaligeuka mkaa, na yakakaa chini ya ardhi karne baada ya karne.

Mwaka 1752 wachimbaji wa Mfalme wa Naples, waliokuwa wakitafuta sanamu na vitu vya thamani, waliyakuta. Waliona vijiti vyeusi vilivyojikunyata, wakadhani ni mkaa tu, na baadhi yake wakavitupa. Ndugu wasikilizaji, niliposoma habari hiyo nilisita kidogo, maana niliwaona watu wale na makasha yao begani.

Ilipogundulika kwamba vile vijiti vina maandishi, ndipo haraka ilipoanza kuleta hasara. Waliokabidhiwa kazi walichukua visu wakayapasua magombo katikati ili waone kilichomo. Mwaka 1753 alikuja padri mmoja kutoka maktaba ya Vatikani, Antonio Piaggio, akabuni kifaa cha kuyaning'iniza magombo kwa nyuzi za hariri ili yajifungue polepole kwa uzito wake yenyewe. Kazi yake ilikwenda kwa milimita chache kwa siku, na gombo la kwanza lilimchukua miaka. Mwaka 1819 akaja Humphry Davy, mkemia mashuhuri wa Uingereza, akajaribu kuyafungua kwa kemikali. Yapo yaliyosomeka kwa njia hizo, mengi yakiwa maandishi ya Kigiriki ya mwanafalsafa Philodemus. Lakini mengi pia yaliishia kuwa vumbi mikononi mwa waliotaka kuyasoma.

Hatimaye watu wakatumia busara, wakayaacha. Mamia ya magombo yakabaki yamefungwa, mengi yakiwa Naples, na machache Paris na Oxford. Waliokuwa wakiyatunza hawakuwa na njia ya kuyasoma. Walichokuwa nacho ni rafu, makasha na subira.

Sasa, wakati magombo yamelala, sayansi ilikuwa ikisafiri njia nyingine kabisa. Mwaka 1947, katika maabara ya kampuni ya General Electric huko Schenectady, Marekani, mafundi walikuwa wakiendesha mtambo uitwao sinkrotroni. Kazi yake ni kuzikimbiza elektroni katika duara kwa kasi inayokaribia kabisa kasi ya nuru. Ikatokea kwamba chombo cha mtambo ule kilikuwa cha kioo, nao wakaona nuru kali inatoka mle ndani. Elektroni zinapolazimishwa na sumaku kupinda kona, hurusha nuru, mfano wa gurudumu la baiskeli lililopita kwenye dimbwi linavyorusha matone. Wanafizikia wengi waliihesabu nuru ile kuwa hasara, kwa sababu ilizipunguzia elektroni nguvu walizokuwa wamehangaika kuzipa. Baadaye wengine wakaomba waruhusiwe kuitumia hasara hiyo, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na miale ya eksirei yenye ukali usiopatikana hospitalini. Baada ya muda ikajengwa mitambo kwa ajili ya nuru hiyo peke yake. Mmoja wapo ni Diamond, ulioko katika jimbo la Oxfordshire, Uingereza, ulioanza kazi mwaka 2007. Mzingo wake ni mita 562, mtu anaweza kuuzunguka kwa miguu kama azungukavyo uwanja wa mpira.

Mwaka 2019 magombo mawili kutoka Paris yalipelekwa Diamond, kila moja likiwa katika kifuko kilichochongwa kwa umbo lake ili lisitikisike. Msimamizi wa kazi alikuwa Brent Seales, profesa wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, aliyekuwa amelisumbukia tatizo hili kwa miaka mingi. Gombo lilizungushwa taratibu mbele ya miale, likapigwa picha kila upande, kama afanyiwavyo mgonjwa katika kipimo cha siti skani. Kompyuta ikaziunganisha picha zile, ikatoa vipande, mfano wa slesi za mkate. Gombo moja lilitoa vipande zaidi ya 14,000, kila kimoja kikiwa na unene wa takriban sehemu 8 za elfu moja ya milimita. Hakuna kisu kilichogusa kitu.

Je, kazi ikawa imekwisha? La hasha. Ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Wino wa gombo ulitengenezwa kwa masizi, na gombo lenyewe limekuwa mkaa. Masizi ni kaboni, na mkaa ni kaboni. Eksirei haikuona tofauti. Zaidi ya hayo, karatasi iliyokunjwa ilikuwa imebanana na kupindapinda, hata haijulikani mkunjo huu unaishia wapi na ule unaanzia wapi. Mtambo wa mabilioni ulikuwa umefanya yote uliyoweza kufanya, na bado hakuna neno lililosomeka. Nuru ilikuwa imekwishaona, lakini ilihitaji mtu wa kusoma.

Hapa ndipo pana jambo ambalo ningependa tulitafakari. Profesa yule angeweza kuzifungia picha zake kabatini, akaendelea na wanafunzi wake wachache mpaka astaafu. Wengi wetu tungefanya hivyo, maana mali iliyokutoa jasho ni vigumu kumpa mpita njia. Lakini mwezi Machi 2023, kwa kushirikiana na matajiri wawili wa kompyuta, Nat Friedman na Daniel Gross, alizitoa picha na programu zake kwa mtu yeyote duniani mwenye kompyuta. Yakatangazwa mashindano yenye zawadi kubwa ya dola 700,000. Njiani kulikuwa na zawadi ndogo ndogo zenye sharti moja: aliyeshinda aweke wazi programu yake, wenzake wote waitumie. Hivyo kila aliyepiga hatua aliwapandisha na washindani wake.

Matunda hayakuchelewa. Mwanafizikia mmoja, Casey Handmer, alikaa saa nyingi akizikodolea macho picha zile, mpaka akaona kwamba mahali fulani uso wa gombo una nyufa ndogo, mithili ya tope lililokauka juani. Nyufa zile zilikuwa wino. Luke Farritor, mwanafunzi wa miaka 21 huko Nebraska, akaifundisha kompyuta yake kuzitambua nyufa hizo. Mwezi Oktoba 2023 likatangazwa neno la kwanza kusomwa ndani ya gombo lile ambalo halijafunguliwa. Ni neno la Kigiriki lenye maana ya rangi ya zambarau.

Kijana mwingine, Youssef Nader, Mmisri aliyekuwa akisomea udaktari wa falsafa mjini Berlin, alilipata neno lile lile kwa njia yake mwenyewe, na kwa uwazi zaidi. Wawili hao wakaungana na Mswisi mmoja, Julian Schilliger, aliyetengeneza programu ya kufuata mikunjo ya gombo. Mwezi Februari 2024 wakatangazwa washindi, wakiwa wamesoma herufi zaidi ya 2,000.

Pengine utauliza: tutajuaje kama kompyuta haikujitungia maneno? Swali hilo ni la haki, hasa siku hizi. Programu ile haikufundishwa Kigiriki wala umbo la herufi. Ilitazama kiraka kidogo kidogo ikijibu swali moja tu: hapa pana wino, au hapana? Herufi zilipojitokeza, zilisomwa na wataalamu wa magombo, kila mmoja kwanza kwa macho yake, kisha wakalinganisha. Kompyuta ilionyesha wino, na kusoma kukabaki kazi ya binadamu.

Na ni nini kilichoandikwa? Mwandishi, ambaye wataalamu wanaamini ni yule yule Philodemus, anazungumzia starehe na raha. Anajiuliza kama kitu kilicho adimu ndicho chenye raha zaidi kuliko kilicho tele, na katika chakula anajibu kwamba haamini hivyo papo hapo. Miaka takriban 2,000 imepita, na mjadala huo bado mngeweza kuufanya leo barazani.

Kilichosomwa wakati ule kilikuwa kiasi cha asilimia 5 ya gombo moja. Mwaka 2025 likafuata gombo la Oxford, ambalo limetoa jina la kitabu na la mwandishi wake: Philodemus, Kuhusu Maovu. Mamia ya mengine yanasubiri zamu yao.

Ndugu wasikilizaji, bara letu la Afrika halina sinkrotroni hata moja. Jirani yetu wa karibu mwenye nayo upande wa Mashariki ya Kati ni Jordan, ambako mtambo uitwao SESAME ulizinduliwa mwaka 2017, na Misri ni mmoja wa wanachama wake. Mwezi Novemba 2015 wanasayansi wa Kiafrika walikutana Grenoble, Ufaransa, wakaazimia kupigania mtambo wa Afrika. Nawaombea wafanikiwe. Lakini nataka tuone kwamba yule kijana wa Misri hakusubiri mtambo wa bara lake. Picha ziliwekwa wazi, programu zikawekwa wazi, naye akaingia kwa akili yake. Mwenye mtambo akifunga mlango, sisi tusio nao ndio tunaobaki nje. Akiufungua, hatujui ni mtoto wa nani atakayesoma neno la kwanza.

Na kuna habari nyingine iliyoniuma zaidi. Huko Uswisi, katika Taasisi ya Paul Scherrer, wanasayansi wanaitumia nuru hiyo hiyo ya sinkrotroni kuzisoma kanda za sauti zilizoharibika. Mwaka 2024 walieleza kwamba wanashughulikia kanda ya tamasha la Montreux la mwaka 1980, ambamo mwanamuziki B.B. King anapiga gitaa. Kemikali za kanda ile zimeoza kiasi kwamba haichezeki vizuri kwenye mashine ya kawaida. Eksirei huzitazama chembe za sumaku zilizo juu ya kanda, na kutoka hapo sauti inaweza kujengwa upya.

Kanda isiyosikika. Ndivyo tulivyoambiwa mwaka ule, nami sikuuliza hata swali moja. Sikuwa na mamlaka, kweli, lakini kasha lile moja lingetosha chini ya kitanda changu.

Wenye maktaba, wenye redio, wenye ofisi za serikali, na wewe msikilizaji mwenye sanduku la marehemu babu lenye karatasi zilizoliwa na mchwa na kaseti zilizokwama: hujui kuzisoma leo, ni sawa. Zifunge vizuri, ziandike jina, ziweke mahali pakavu. Akitokea mwenye ujuzi, mwonyeshe. Waliotangulia Naples walikata kwa visu kwa sababu walitaka kujua siku ile ile. Kama wote wangefanya hivyo, Luke na Youssef wangekuta vumbi.

Nimewahi kurudi katika kituo kile. Chumba cha kanda bado ni ofisi, na dirishani wameweka mapazia mazuri. Katika chumba ninachofanyia kazi sasa kuna rafu moja ya kanda ambazo hakuna mashine ya kuzicheza. Mwezi uliopita fundi mmoja kijana aliniuliza kwa adabu, "Shikamoo mzee, hizi bado zina kazi?" Nikaitikia marahaba, nikamwambia bado.