Kesi ya madai ikifutwa: Ni lini idhini ya rufaa huhitajika?

Mtu aliyefungua kesi ya madai katika mahakama ya Kithimani, Kaunti ya Machakos, huweza kuambiwa na hakimu, kabla ya shahidi hata mmoja kula kiapo, kwamba kesi yake imefutwa. Swali linalozuka papo hapo ni iwapo ni sharti aombe idhini kwanza ndipo akate rufaa. Wengi hudhani ni sharti. Aghalabu sivyo, na anayehangaika kutafuta idhini asiyoihitaji huenda akapitwa na muda wa rufaa yenyewe.

Kifungu cha 2 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai (Sura ya 21) kinahesabu kufutwa kwa hati ya madai kuwa hukumu rasmi, nacho kifungu cha 65 kinaruhusu rufaa dhidi ya hukumu ya mahakama ya chini. Isitoshe, Agizo la 43 la Kanuni za mwaka 2010 linaorodhesha amri ambazo rufaa yake haiombewi idhini. Miongoni mwazo ni zile zitolewazo chini ya Agizo la 2, ambalo kanuni yake ya 15 ndiyo hutumiwa kufuta madai yasiyo na msingi wa kisheria, ya upuuzi, au yanayotumia mahakama vibaya.

Utata huja pale kesi inapoangushwa kwa pingamizi la awali. Baadhi ya majaji wameshikilia kwamba uamuzi juu ya pingamizi la aina hiyo haumo katika orodha, na kwa hivyo unahitaji idhini. Mwenye busara huomba kwa mdomo mara tu uamuzi unaposomwa. Ombi lenyewe ni sentensi moja tu. Asipofanya hivyo, ana siku 14 kuliwasilisha, na ni lazima aanzie kwa mahakama iyo hiyo iliyotoa amri.

Rufaa yenyewe ina siku 30 chini ya kifungu cha 79G. Siku zilizotumika kutayarisha nakala ya hukumu hazihesabiwi, mradi mahakama ya chini ithibitishe hilo kwa cheti, hati ambayo wengi husahau kuiomba katika masjala. Aliyechelewa anaweza kuomba nyongeza, lakini katika kesi ya Nick Salat dhidi ya tume ya uchaguzi, IEBC, mwaka 2014, Mahakama ya Juu ilisema kwamba nyongeza ya muda si haki ya mtu, na kuchelewa sharti kuelezwe kwa njia ya kuridhisha.

Kutoka Kithimani, rufaa huenda Mahakama Kuu mjini Machakos. Ikiwa mzozo ni wa shamba au mpaka, huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Huko, silaha kuu ya mlalamishi ni uamuzi wa Mahakama ya Rufaa katika kesi ya D.T. Dobie, ambapo Jaji Madan alionya kwamba kufuta kesi ni hatua kali, na kwamba dai linaloweza kuokolewa kwa kurekebishwa lisizimwe. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 nacho kinataka haki itendwe bila kutilia mkazo kupita kiasi kasoro za kiutaratibu.

Hata hivyo, rufaa si njia ya pekee, na wakati mwingine si njia bora. Kesi iliyofutwa kwa kasoro, bila kusikizwa, kwa kawaida inaweza kufunguliwa upya. Endapo dai lilizidi Sh20 milioni, kiwango cha juu cha hakimu mkuu chini ya sheria ya 2015, rufaa haitaipa mahakama hiyo mamlaka isiyokuwa nayo. Afadhali kufungua kesi panapostahili. Kinachotakiwa ni kutazama kalenda, kwa maana kesi iliyofutwa haikusimamisha saa: miaka mitatu kwa madhara kama ya ajali, sita kwa mkataba, 12 kwa ardhi, yote ikihesabiwa tangu chanzo cha dai.