Mtu wa Kinu cha Baruti

Sisi watu wa Katanga twalijua neno baruti tangu utoto wetu. Wazee walilitaja waliposimulia habari za Msiri na bunduki zake. Baba zetu walilitaja waliporudi kutoka migodi ya Kambove na Kipushi, mahali ambapo mwamba haushindwi kwa sururu peke yake. Twapenda kuuliza ni nani aliyeipiga baruti, au ni nani aliyeiuza. Lakini ni nani aliyeitengeneza kwa mikono yake? Huyo hatumwulizi habari. Basi leo tumtazame yeye: mtu wa kinu cha baruti, katika miaka ya kwanza ya karne ya 19.

Kwanza tukumbuke mambo ya kwetu. Msiri alikuwa Mnyamwezi. Alifika Katanga karibu na mwaka 1856, akajenga mji mkubwa Bunkeya. Kutoka kwake zilitoka shaba, pembe za ndovu, chumvi, na pia, twasema kwa huzuni, watu waliotekwa. Kwake ziliingia nguo, bunduki na baruti. Njia za misafara zilikuwa mbili: moja ilikwenda mashariki hadi pwani ya Bagamoyo na Unguja, nyingine ilikwenda magharibi kwa njia ya Bihe hadi Benguela. Bunduki za siku zile zilikuwa magobori, yaani za kushindiliwa kwa mdomo. Gobori lisilo na baruti ni fimbo tu. Mwaka 1891 Wasanga walipomwasi Msiri, upungufu wa baruti ulimtia katika taabu kubwa. Naye tarehe 20 Desemba mwaka ule aliuawa na Bodson, mtu wa msafara wa Stairs.

Katika Katanga watu walijua kufua chuma na kuyeyusha shaba, lakini baruti nyingi ilitoka ng'ambo ya bahari. Mwaka 1833 Sultani Said wa Unguja alifanya mapatano ya biashara na Marekani. Wafanya biashara wa mji wa Salem wakaleta katika merikebu zao ile nguo tunayoiita merikani mpaka leo. Na pamoja na nguo walileta bunduki na mapipa ya baruti. Kwa hiyo si ajabu tukivuka bahari ili kumwona mtengenezaji.

Katika Marekani, jimbo la Delaware, karibu na mji wa Wilmington, uko mto mdogo uitwao Brandywine. Mwaka 1802 Mfaransa mmoja, Éleuthère Irénée du Pont, alinunua shamba kando ya mto huo. Alipokuwa kijana alijifunza kazi ya baruti katika Ufaransa, chini ya mtaalamu mashuhuri Lavoisier. Mwaka 1804 akaanza kuuza baruti yake. Wengi wa watu aliowaandika kazi walikuwa Wairlandi, Wakatoliki maskini waliokimbia njaa na ukosefu wa ardhi kwao.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa vitu vitatu. Katika mafungu 100, shura ni 75, makaa ni 15, salfa ni 10. Shura ilitoka Bara Hindi, salfa ilitoka kisiwa cha Sisilia, na makaa yalichomwa palepale kwa miti laini iotayo kando ya mto. Kila kimoja peke yake si cha kuogopesha sana. Lakini vikisagwa na kuunganishwa vizuri, cheche moja yatosha.

Mama zetu watafahamu mara moja kazi ya kuunganisha, kwa maana mwanzoni ilifanywa kwa kinu na mchi, ila mchi uliinuliwa na gurudumu lililozungushwa na nguvu ya maji. Tangu mwaka 1822 wakaanza kutumia magurudumu mazito yaliyozunguka juu ya unga na kuuponda. Mtu wa kinu alisimama karibu, akainyunyizia maji kwa kipimo. Maji yakizidi, baruti inaharibika. Yakipungua, unga unakauka, na hapo kifo kimekaribia. Aliujua unyevu ule kwa macho na kwa vidole, kama mpishi ajuavyo ugali wake.

Kutoka hapo mchanganyiko ulikandamizwa kwa nguvu mpaka ukawa mgumu kama bamba la jiwe. Bamba likavunjwavunjwa kuwa punje, nazo zikachekechwa: punje kubwa za mizinga na za kupasulia mwamba, punje ndogo za bunduki. Kisha zilikaushwa, zikazungushwa ndani ya mapipa mpaka zikang'aa. Mwishowe zikatiwa katika vipipa vya mbao, kila kimoja ratili 25, yaani kilo 11 na kidogo. Kila kazi ilikuwa na jengo lake, mbali na jingine, ili msiba wa nyumba moja usiwe msiba wa nyumba zote.

Majengo yenyewe yalikuwa na umbo la kushangaza. Kuta tatu zilikuwa za mawe, nene sana. Upande wa nne, unaoelekea mtoni, ulifungwa kwa mbao nyepesi, na paa lilikuwa jepesi pia. Kwa nini? Ili baruti ikilipuka, nguvu yake itoke kwa upande wa maji, isiangamize vinu vya jirani. Mwenye kujenga alifikiri vizuri. Lakini mtu aliyesimama ndani alikuwa katikati ya kuta tatu za mawe na ule upande wa mbao. Kila asubuhi alipoingia aliona kwa macho yake kwamba nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya siku ya kulipuka. Watu wa Brandywine hawakupenda kusema fulani amekufa kwa baruti, walisema, "Amevuka mto."

Ndiyo sababu sheria zilikuwa kali. Kiko, sigara, pombe na mizaha vilikatazwa. Viatu vyao havikuwa na misumari ya chuma bali vijiti vya mti. Chuma kikigongana na jiwe chatoa cheche. Basi vyombo vyao vilikuwa vya mbao, na penye haja ya madini walitumia shaba. Tazameni, wasomaji: shaba, ambayo kwetu iliwapa watu wengi kazi, kule iliwalinda watu wasife.

Je, kwa nini mtu mwenye akili akubali kazi kama hiyo? Jibu ni lile lile ambalo watu wa migodi wanalijua. Palikuwa na mshahara wa hakika kila mwezi. Palikuwa na nyumba ya kukaa karibu na kazi. Kampuni ilimwekea mfanyakazi akiba yake na kumpa faida juu yake. Tena ilikubali kutanguliza nauli ya merikebu ili amwite mdogo wake au mchumba wake kutoka Irlandi, naye akalipa polepole kwa kukatwa mshahara. Hivyo ndugu alimvuta ndugu. Tangu mwaka 1817 palikuwa na shule ya Dominika iliyowafundisha watoto wao kusoma na kuandika. Mtu ambaye kwao hakuwa na shamba aliweza kutumaini kwamba mwanawe atashika kalamu.

Lakini baruti haikusahau desturi yake. Mwezi wa Juni 1815 mlipuko uliwaua watu tisa. Tarehe 19 Machi 1818 ulikuja mkubwa zaidi: vinu vililipuka kimoja baada ya kingine, watu zaidi ya 30 wakafa, na Sophie, mke wa du Pont, akaumizwa nyumbani mwake. Jambo hili latufundisha kitu kimoja. Nyumba ya mwenye kinu ilikuwa juu ya kilima, karibu na vinu vyenyewe, hakujificha mjini. Mwaka 1857 mwanawe mmoja, Alexis, alikufa kwa mlipuko kama walivyokufa watu wake.

Baada ya msiba wa mwaka 1815 du Pont alianza kuwatunza wajane. Mjane aliachiwa nyumba, akapewa dola 100 kwa mwaka, tena aliweza kupangisha vijana wasio na mke ili apate chakula cha watoto. Siku zile hapakuwa na sheria iliyomlazimisha tajiri kufanya hivyo. Mahali pengi mfanyakazi akifa, mkewe alifukuzwa nyumbani kesho yake. Tusiseme kwamba dola 100 zilikuwa bei ya mume. Hakuna bei ya mume. Twasema tu kwamba palikuwa na mtu mmoja aliyekiri kwamba deni halikuzikwa pamoja na maiti.

Na imani yao? Kwa miaka mingi Wakatoliki wa Brandywine hawakuwa na kanisa karibu. Walikwenda kusali Coffee Run, kwa padri Patrick Kenny, Mwirlandi mwenzao. Mwaka 1841 ndipo lilipojengwa kanisa la Mtakatifu Yosefu, karibu kabisa na vinu. Jamaa ya du Pont walisaidia, ingawa wenyewe hawakuwa Wakatoliki. Jina lile liliwafaa watu wale: Yosefu alikula kwa kazi ya mikono yake, naye ni msimamizi wa kifo chema. Mtu wa baruti alihitaji yote mawili.

Vinu vya Brandywine vilifungwa mwaka 1921. Katika miaka yote tangu 1802, milipuko ilihesabiwa 288, na waliokufa 228. Leo mahali pale ni makumbusho. Wageni hutembea kati ya kuta nene, na mto unapita.

Liko neno moja ambalo hatuwezi kuliruka. Baruti ilipasua mwamba ili njia za reli na mifereji zipite. Baruti hiyo hiyo iliwasaidia watekaji kuchoma vijiji vyetu. Je, Mwirlandi aliyenyunyiza maji juu ya unga alikuwa na hatia ya kijiji kilichochomwa karibu na Lualaba? Hatudhani hivyo. Pipa lilipotoka mlangoni halikuwa lake tena. Lakini aliyelinunua, aliyelipakia, na aliyeona kwa macho linatumika kwa kazi gani, hao hawawezi kunawa mikono kama Pilato. Kadiri mtu anavyoona mbali, ndivyo deni lake linavyokuwa kubwa.

Mwaka ule ule 1891, baruti ilipopungua Bunkeya, Papa Leo wa 13 alitoa barua yake juu ya wafanyakazi. Alifundisha kwamba mfanyakazi si chombo cha kupatia faida, tena mshahara wake utoshe kumlisha kwa heshima. Watu wa Brandywine hawakuisubiri barua hiyo kulijua jambo lenyewe. Walilijua kila walipofunga mlango wa mbao nyuma yao.

Nasi hapa Lubumbashi, tangu tanuru la kwanza la shaba lilipowashwa mwaka 1911, wangapi walitoka nyumbani asubuhi wakachelewa kurudi, au wasirudi kabisa? Hata leo wako vijana wanaoingia katika mashimo bila kofia ngumu wala nguzo za kuzuia udongo. Tukishika waya wa shaba au kitu chochote cha kazi, tusiulize bei tu. Tuulize: aliyekitengeneza alirudi nyumbani jioni? Na kama hakurudi, mkewe anakula nini?