Silsila Iliyokatika na Sahihi Isiyotakiwa

Mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Sri Lanka ilitoa hukumu kuhusu kitambulisho. Mtawa mmoja wa kike wa dini ya Buddha alikuwa ameomba kitambulisho cha taifa kinachomtaja kwa cheo chake, bhikkhuni, akakataliwa. Wakuu wa watawa wa kiume hawamtambui, na wasiyemtambua wao serikali nayo haikumtambua. Majaji wakasema kumnyima kulivunja haki yake ya kuwa sawa mbele ya sheria. Watawa wa kiume, mabhikkhu, huandikiwa cheo chao bila kuulizwa walikipata wapi.

Ni hasara kwamba hawaulizwi, maana walikokipata ni hadithi tamu.

Kwenye kisiwa hichohicho, ambako kati ya kila watu 10 Wabudha ni 7 na Waislamu ni kama mmoja, kuna daftari lingine lenye ugomvi wake. Ndoa ya Kiislamu ikisajiliwa, anatia sahihi bwana harusi, anatia sahihi walii, yaani msimamizi wa bi harusi, wanatia mashahidi. Sheria ya mwaka 1951 haimdai bi harusi sahihi yake. Kadhi naye, kwa maneno ya sheria hiyohiyo, lazima awe mwanamume. Wanawake wa Kiislamu wamelalamikia jambo hili tangu miaka ya 1980, na jibu wanalopewa linafanana mno na lile wanalopewa watawa wa kike: ndivyo tulivyopokea, hatuna ruhusa ya kugusa.

Waandishi wengi huyatenganisha malalamiko haya, moja kwenye kurasa za Wabudha na jingine kwenye kurasa za Waislamu. Mimi nimeyaweka pamoja kwa msaada wa watafiti wawili: Tessa Bartholomeusz, aliyechapisha mwaka 1994 kitabu kuhusu watawa wa kike wa kisiwa hiki, na Dennis McGilvray, mwanaanthropolojia wa Marekani ambaye kitabu chake cha mwaka 2008 kinaeleza maisha ya Watamili na Waislamu wa pwani ya mashariki. Atakayeona nimeegemea upande wao hatakuwa amekosea.

Mwanzo wa hadithi kila mtoto wa shule wa Sri Lanka anaujua. Karne ya 3 kabla ya Kristo, Mahinda, anayesemwa kuwa mwana wa mfalme Ashoka wa India, alikuja kuhubiri. Malkia Anula na wanawake wa jumba la kifalme wakataka kuingia utawa. Mahinda akasema yeye ni mwanamume, hawezi kuwapa utawa wanawake. Aitwe dada yake. Sanghamitta akaja na watawa wenzake wa kike na tawi la mti wa bodhi, na mti huo ungali Anuradhapura hadi leo. Kuwasili kwake huadhimishwa kila Desemba kwa sikukuu ya taifa. Silsila ya watawa wa kike ikaendelea zaidi ya miaka 1,000, ikazimika karne ya 11 baada ya majeshi ya Chola kutoka India ya kusini kuiangusha Anuradhapura.

Hapo ndipo wazee wa sangha, yaani jumuiya ya watawa, wanapofunga mlango. Kwa kanuni ya zamani mwanamke hupewa utawa kamili na pande zote mbili, mabhikkhu na mabhikkhuni. Mabhikkhuni wa Theravada, madhehebu ya kisiwa hiki, wamekwisha. Basi hakuna wa kumpa. Kwa Waislamu wa Shafii, ambao ndio wengi Sri Lanka kama walivyo wengi pwani ya Afrika Mashariki, kikwazo kimekaa kinyume chake: mwanamke haolewi pasipo walii wa kiume. Kwa Wabudha hawa mwanamke anazuiwa kwa kukosekana mwanamke mwenzake, na kwa Waislamu anahitaji mwanamume awepo. Ukisikiliza juujuu utadhani dini hizi mbili zimepishana kabisa.

Lakini silsila ya wanaume nayo ilikatika, tena si mara moja. Baada ya vita vya Chola, mfalme Vijayabahu wa Kwanza hakupata mabhikkhu wa kutosha kutoa utawa, akaagiza kutoka Burma. Ikadhoofika tena, ikaagizwa tena. Kufikia katikati ya karne ya 18, katika ufalme wa Kandy milimani, hapakuwa na hata bhikkhu mmoja mwenye utawa kamili. Waliokuwepo walivaa nguo nyeupe au za zafarani, wengine na wake zao na mashamba yao, wakairithisha nyumba ya ibada kwa mpwa.

Mtu mmoja, Velivita Saranankara, aliona aibu hiyo haivumiliki. Akawabembeleza wafalme watume watu Siam, Thailand ya leo. Kandy ilikuwa na milima lakini haikuwa na merikebu. Pwani yote ilishikwa na Kampuni ya Uholanzi ya Uhindi wa Mashariki, Wakristo wa Kikalvini waliokuwa wakiwabana Wabudha wa pwani hadi wengine wabatizwe ili waweze kusajili ndoa. Hata hivyo mdalasini ulitoka pia kwenye misitu ya mfalme wa Kandy, na Kampuni ilitaka mdalasini kuliko ilivyotaka roho za watu. Ikakubali kuwabeba wajumbe.

Safari ya kwanza merikebu iliharibika baharini na wajumbe wengi wakafa. Ya pili ilivurugwa na kifo cha mfalme aliyewatuma. Ya tatu iliondoka mwaka 1750, na mwaka 1753 ikarudi na Upali na mabhikkhu wenzake wa Siam, zawadi ya mfalme Borommakot wa Ayutthaya. Walishuka Trincomalee, wakapandishwa milimani, na mwezi Julai, usiku wa mbalamwezi pevu, watu wa Kandy wakapewa utawa kamili. Madhehebu makubwa kuliko yote kisiwani yanaitwa Siam Nikaya mpaka leo kwa sababu hiyo.

Shukrani haikudumu. Mwaka 1760 baadhi ya mabhikkhu na wakuu wa Kandy walipanga kumuua mfalme yuleyule aliyewaletea utawa, Kirti Sri Rajasinha, kwa kuwa ukoo wake ulitoka India ya kusini na walimshuku kuwa Mhindu moyoni. Inasimuliwa kwamba walimwalika kusikiliza mahubiri katika nyumba ya watawa ya Malwatta, na kiti chake kikawekwa juu ya shimo lililofunikwa, lenye miti iliyochongwa ncha. Walikusudia kumtawaza mwanamfalme wa Siam. Mfalme alitonywa. Saranankara mwenyewe, mzee wa kuheshimiwa, alifukuzwa mjini kwa muda kwa kushukiwa. Hakuna aliyesema kwamba kwa kosa hilo utawa wao umebatilika.

Baadaye kidogo Siam Nikaya ikaamua kuwapa utawa kamili watu wa tabaka la wakulima, Govigama, peke yao. Watu wa pwani, wamenya mdalasini miongoni mwao, wakanyimwa. Hawakukaa kulia. Kuanzia mwaka 1800 wakapanda merikebu wenyewe hadi Amarapura, Burma, wakarudi na utawa mpya mwaka 1803. Walibezwa, kisha wakazoeleka. Leo Amarapura Nikaya inakaa meza moja na Siam Nikaya, na pamoja wanawaambia wanawake kwamba utawa wa kutoka nje haufai.

Wanawake walikuwa wakitazama. Mwaka 1897 Mmarekani Miranda de Souza Canavarro, mke wa mwanadiplomasia wa Ureno, alimwacha mumewe, akafika Colombo kwa mwaliko wa mwanamageuzi wa Kibudha Anagarika Dharmapala kuongoza nyumba ya watawa wa kike na shule yao. Ikavunjika kwa ugomvi kabla ya miaka mitatu. Bartholomeusz anaisimulia kwa upana. Mimi naona Catherine de Alwis alifanya zaidi kwa kelele kidogo. Alizaliwa katika familia ya Kikristo ya Kianglikana, akaenda Burma, akarudi amenyoa nywele, na mwaka 1907 nyumba yake ya watawa ikafunguliwa Kandy kwa jina la Lady Blake, mke wa gavana. Hakudai ubhikkhuni. Alishika miiko kumi, akavaa joho, akafundisha. Maelfu waliomfuata, wanaoitwa sil mata, wengi walisema na bado wanasema hawahitaji cheo kingine wala baraka za bhikkhu yeyote.

Waliohitaji walisafiri, kama wale wamenya mdalasini. Desemba 1996, huko Sarnath, India, wanawake 10 wa Sri Lanka walipewa utawa kamili kwa msaada wa watawa wa kike wa Korea, ambao silsila yao ilipitia China. China nayo iliipokea kutoka kwa mabhikkhuni waliovuka bahari kutoka Sri Lanka karne ya 5. Wa kwanza wao alikuwa Kusuma, mama aliyelea watoto, mwalimu wa sayansi, msomi wa kanuni za watawa. Mwaka 1998 bhikkhu Inamaluwe Sumangala wa Dambulla akaanza kutoa utawa huo nyumbani, bila kungoja ruhusa ya wakubwa.

Sasa tushuke pwani kwa Waislamu, maana merikebu za Kampuni zilibeba na cha kwao. Mwaka 1770 gavana wa Kiholanzi aliingiza Colombo mkusanyo wa sheria za ndoa na mirathi za Kiislamu ulioandikwa Batavia, Jakarta ya leo, na maofisa wa Kampuni. Mwingereza Alexander Johnston akauonyesha kwa wakuu wa Waislamu wa Colombo, wanaume wote, ukachapishwa mwaka 1806. Zikafuata sheria ya mwaka 1929, kisha ile ya 1951. Kwa hiyo muda wa miaka 17 tu unatenganisha utawa wa Siam na sheria ya Batavia. Vyote viwili ni amana za Kampuni moja ya wafanyabiashara, na vyote viwili vinalindwa leo kama vitu visivyo na tarehe.

Nyumbani, mbali na daftari, mambo yalikuwa mengine. McGilvray anaeleza kwamba katika miji ya Waislamu ya mashariki, kama Kattankudy na Akkaraipattu, nyumba hupewa binti anapoolewa, na mume ndiye anayehamia. Baba mwenye mabinti wanne hujenga nyumba nne, au hugawa kiwanja mpaka pa kupitisha kitanda pakosekane. Msomaji wa Lamu hatashangaa. Kwao nako nyumba ya mawe ilikuwa ya binti. Mume aliyekwenda kwa wakwe huchunga ulimi, na talaka ikitoka ni yeye anayefunga virago. Si kwamba sheria haikuwa na uzito, bali mwanamke aliisikia akiwa ameketi kwake.

Wabudha wa Kandy walikuwa na ndoa ya jinsi hiyo, iitwayo binna. Mume wa binna, walisema wazee, aweke karibu na mlango fimbo, mwavuli wa jani na mwenge, asije akafukuzwa usiku wa mvua. Robert Knox, baharia Mwingereza aliyekuwa mateka Kandy kuanzia 1660 hadi 1679, aliandika akishangaa jinsi mke na mume walivyoachana kwa urahisi, yeyote akianza. Hata mke wa ndugu wawili alikuwepo. Waingereza walichukizwa, na amri yao ya mwaka 1859 ikapiga marufuku ndoa za mke mmoja na ndugu wawili na kudai kila ndoa isajiliwe. Mnaposikia leo mwanasiasa akihubiri ndoa ya jadi ya Kisinhala, muulizeni jadi ya kabla au ya baada ya mwaka huo.

Pwani ya mashariki pigo lilikuja kwa sura ya msaada. Tsunami ya Desemba 26, 2004 ilifagia nyumba hizo za mabinti. Serikali na wafadhili walipojenga upya, mara nyingi waliandika hati kwa jina la mkuu wa kaya, naye kwa fikra zao ni mwanamume. Hakuna shehe wala bhikkhu aliyewatuma. Fomu ilikuwa na nafasi moja.

Yaliyobaki ni ya karibuni na hayana utamu. Mwaka 1995 sheria zilipandisha umri wa kuolewa hadi 18 kwa wengine wote, Waislamu wakaachwa. Kamati ya jaji Saleem Marsoof iliundwa mwaka 2009 kurekebisha sheria ya 1951, ikawasilisha ripoti mwaka 2018 huku wajumbe wamegawanyika. Mwaka uliofuata magaidi walilipua makanisa na hoteli siku ya Pasaka, na ghafla wasiowapenda Waislamu wakawa watetezi wa mabibi harusi. Oktoba 2021 rais aliteua kikosi cha kuandaa nchi moja yenye sheria moja, akamweka mbele bhikkhu Galagodaatte Gnanasara, anayejulikana kwa hotuba zake dhidi ya Waislamu. Katika wajumbe wa mwanzo hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Wanawake wa Kiislamu waliokuwa wakidai mabadiliko kwa miaka 30 walikikataa kikosi hicho, wakarudi kwenye madai yaleyale: umri wa miaka 18, kadhi mwanamke akipatikana anayefaa, na kalamu kwa bi harusi.

Kusuma alifariki Agosti 2021, akiitwa bhikkhuni na maelfu ya waumini.