Alkali: Neno Lililotoka Katika Majivu

Mwanafunzi anayesoma Minhaji ya Imamu Nawawi (Allah Amrehemu) pamoja na sharhe zake, katika madrasa zetu za Temeke na Kinondoni, hufika katika mlango wa najisi akakuta suala hili: chombo kilichorambwa na mbwa, je, sabuni au ushnani vyaweza kushika nafasi ya udongo? Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafii ni kuwa haviwezi. Hukumu hiyo mwanafunzi huihifadhi. Lakini ushnani ni nini? Hapo wengi hunyamaza, na baadhi ya walimu hupita haraka.

Ushnani ni mmea wa ardhi yenye chumvi. Waarabu waliuchoma, na majivu yake wakayaita al-qaly, kutokana na kitenzi qalaa, yaani kukaanga. Majivu hayo yakitiwa maji na kuchemshwa pamoja na mafuta, hutoka sabuni. Yakiyeyushwa na mchanga katika moto mkali, hutoka kioo. Wazungu walilipokea neno hilo kupitia Kilatini pamoja na "al" yake, wakasema alkali, na katika karne ya 17 Waingereza wakaunda kivumishi chao, alkaline, wanachokitumia kwa kitu chenye tabia iliyo kinyume cha asidi. Tusiwacheke kwa kuibeba "al": nasi twasema alasiri, alfajiri na Alhamisi.

Mwaka 1807 Mwingereza Humphry Davy alitenga kwa nguvu ya umeme metali mbili, potasiamu na sodiamu. Alama ya potasiamu ni K, yaani kalium, nayo ni qaly ile ile. La ajabu, majivu ya ushnani yana sodiamu zaidi. Jina limekwenda kwa jirani! Sodiamu ikapewa Na, kutokana na natruni, yaani magadi, na ndilo jina la Ziwa Natron la mkoani Arusha. Lakini tuwe waadilifu: natruni Waarabu waliitoa kwa Wayunani, na neno sabuni asili yake ni Kilatini. Anayedai kila neno la sayansi ni letu hajafungua kamusi.

Turudi kwenye chombo chetu. Waliosema ushnani watosha waliangalia kusafisha, na kweli alkali huondoa mafuta kuliko udongo. Waliokataa walijibu kuwa hadithi imetaja udongo, na makusudio ni kukusanya vitoharishi viwili, maji na udongo; na majivu, hata yakisafisha vipi, si kimojawapo.