Nani Analipa, Nani Anasoma

Tembea Nyalenda kuanzia Ring Road ukielekea Dunga, na utaona kuta zinaongea. Duka la unga limepakwa rangi ya kampuni ya sabuni kuanzia paa hadi mlangoni. Kibanda cha M-Pesa kiko kijani kama vibanda vyote vya M-Pesa nchini. Jina la mwenye duka lipo, ndiyo, lakini limebanwa kwenye kona kwa herufi ndogo, kama mgeni aliyekosa kiti kwenye sherehe yake mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu mwenye duka hakununua rangi. Kampuni ndiyo iliyonunua, na anayenunua rangi ndiye anayeamua jina la nani litakuwa kubwa.

Mimi kazi yangu ni kuchora na kupanga kurasa: mabango, vibandiko, vijitabu, wakati mwingine kalenda ya kanisa. Kabla sijafungua kompyuta huwa najiuliza maswali matatu. Hii kitu ni ya nini? Nani ameilipia? Nani ataiona? Lengo, mteja, hadhira. Mtu akisikia hivyo anadhani ni mambo ya darasani tu, kumbe ukishika maswali hayo matatu unaweza kusoma historia nzima ya magazeti, filamu na redio za upande huu wetu wa ziwa. Na historia yenyewe haijaisha. Iko kwenye simu yako sasa hivi.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, ulianza mradi wa kutengeneza filamu za kuwafunza Waafrika. Uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Uliendeshwa chini ya International Missionary Council, na pesa kubwa ilitoka Carnegie Corporation ya New York. Hadi ulipofungwa 1937, ulikuwa umetoa filamu zipatazo 35 kuhusu minyoo, kilimo, kuweka akiba posta na mambo kama hayo. Filamu zilipakiwa kwenye lori pamoja na projekta na jenereta, zikazungushwa Afrika Mashariki na hata zaidi.

Kuna jambo moja pale ambalo kama mchoraji nalisifu. Sauti haikuwa kwenye filamu yenyewe, ilikuwa kwenye sahani za gramafoni. Kwa hiyo picha ilibaki ile ile, lakini lugha iliweza kubadilishwa kulingana na pale lori liliposimama. Hadhira ina lugha nyingi, pesa ni kidogo, basi tenganisha sauti na picha. Hapo walifikiri vizuri, bana.

Lakini angalia upande wa pili. Waliotengeneza waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda mbio. Imani hiyo haikufa na mradi. William Sellers, aliyeongoza Colonial Film Unit iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1939, aliigeuza kuwa kanuni za kazi: picha ziwe ndefu na za polepole, hadithi iwe nyoofu, ujanja wa kamera usitumike. Hadhira iliyokuwa kichwani mwao haikuwa ile iliyokaa kwenye nyasi mbele ya kitambaa cheupe. Ilikuwa hadhira ya kufikirika, na ilifikiriwa na mtu ambaye hakulazimika kuiuliza chochote. Aliyelipa alikuwa New York na London. Aliyetazama hakuwa na njia ya kusema, “Hii inachosha, ongeza kasi.”

Mwaka huo huo wa 1939, vita vya pili vya dunia vilipoanza, kampuni ya East African Standard ilitoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Baraza. Jina lenyewe limechaguliwa kwa akili. Baraza ni mahali watu wanakaa na kuongea, lakini katika Kenya ya mkoloni, baraza lilikuwa pia mahali chifu anasimama na watu wanasikiliza. Wasomaji walikuwa Waafrika, lakini kampuni ilikuwa ya walowezi, na serikali ilihitaji habari za vita ziwafikie watu kwa namna inayoifaa. Hata hivyo wasomaji waliandika barua, wakalalamika, wakabishana kurasani. Wasomaji wana tabia hiyo. Ukiwaachia nafasi kidogo, wanaingia nayo.

Sasa njoo nyumbani. Baada ya vita, Ramogi Achieng Oneko alikuwa akiendesha gazeti la Dholuo lililoitwa Ramogi. Kwa msomaji Mjaluo, jina hilo halikuhitaji maelezo. Ramogi ni babu yetu wa masimulizi, na kilima cha Got Ramogi kule Yimbo kinabeba jina lake. Kabla hujafungua ukurasa wa kwanza ulishajua gazeti linaongea na nani, na kwamba linakuona kama mtu mwenye ukoo, wala si “mwenyeji” wa kufunzwa kunawa mikono.

Nani alilipa? Hapa ndipo ninapopapenda. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walianzisha Luo Thrift and Trading Corporation, LUTATCO kwa kifupi. Jaramogi alizunguka akiwauzia watu wa kawaida hisa: wakulima, walimu, makarani, wafanyakazi waliotawanyika miji ya Afrika Mashariki. Kutokana na fedha hizo kampuni ilijenga Ramogi House hapa Kisumu, na ikaweka mtambo wa kuchapa Nairobi, Ramogi Press. Mtambo huo haukuchapa Dholuo peke yake. Magazeti ya Waafrika wa jamii nyingine, kwa lugha zao, yalipita hapo pia, kwa sababu wachapaji wengine wengi waliogopa au walikuwa upande wa serikali.

Hebu tafakari mpangilio huo. Msomaji ana hisa katika kampuni yenye mtambo unaochapa gazeti analosoma. Mteja na hadhira wamekuwa mtu mmoja. Kwa maisha yangu ya kazi, hali hiyo nimeiona mara chache sana. Na ilikuwa na bei yake: mtaji ulikuwa mwembamba siku zote, kwa sababu mifuko ya makarani na wakulima haiwezi kulingana na mfuko wa kampuni ya walowezi. Uhuru wa kusema ulikuwepo, pesa ya karatasi ndiyo ilikuwa shida.

Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa, na Achieng Oneko akakamatwa pamoja na Jomo Kenyatta. Yeye ni mmoja wa wale sita wa Kapenguria. Alishinda rufaa, lakini hakuachiliwa. Alibaki kizuizini hadi 1961. Halafu historia ikafanya mzaha wake. Kenya ilipopata uhuru, mtu huyu wa gazeti akawa waziri wa habari na utangazaji. Ni wakati wake, mwaka 1964, ambapo serikali ilichukua shirika la utangazaji na kuliita Voice of Kenya, Sauti ya Kenya. Mwaka 1966 alijiuzulu akaingia KPU ya Jaramogi. Oktoba 1969, baada ya vurugu na risasi wakati Kenyatta alipokuja kufungua hospitali mpya hapa Kisumu, KPU ilipigwa marufuku na Oneko akafungwa tena bila kesi hadi 1975. Sauti ile ya Kenya aliyoisaidia kuzaliwa sasa ilikuwa na mteja mmoja tu, serikali, na mteja huyo hakutaka kusikia jina lake.

Siandiki haya ili tulie. Nayaandika kwa sababu yanafunza jambo ambalo vitabu vya usanifu huliruka: umbo la chombo hubaki, mteja hubadilika, na ujumbe humfuata mteja.

Mfano mwingine uko hapa hapa mjini. Mwaka 1982 mwandishi Asenath Bole Odaga alianzisha Lake Publishers and Enterprises, Kisumu, wakati karibu kila mchapishaji mkubwa alikuwa Nairobi. Alichapa kwa Kiingereza, alichapa kwa Dholuo. Kabla ya hapo alikuwa ametoa mkusanyiko wa hadithi uitwao Thu Tinda!, maneno ambayo msimulizi wa Kijaluo hufungia hadithi yake. Yeyote aliyelelewa na dani, yaani nyanya yake, akiliona jina hilo kwenye jalada anaambiwa: hiki ni chako. Lakini mchapishaji Kenya hali kwa majina mazuri. Mteja mkubwa wa vitabu nchini ni shule, na shule hununua kilicho kwenye silabasi. Ndiyo maana mama huyo aliandika pia kitabu cha kufundishia fasihi simulizi. Hadhira moja ilikuwa ya moyoni, nyingine ilikuwa ya kulipa kodi ya nyumba, na alizihudumia zote mbili. Alifariki 2014. Kwangu, yeye ni mfano wa mtu aliyejua hesabu bila kupoteza kusudi.

Kisha zikaja redio za lugha za mama, baada ya hewa kufunguliwa. Moja ikaitwa Ramogi FM, ya kampuni ya Royal Media Services ya Nairobi. Jina ni lile lile la gazeti la Oneko, babu ni yule yule. Lakini mfumo ni tofauti kabisa. Redio ya biashara haikuuzii wewe kipindi. Inamuuzia mtangazaji wa biashara masikio yako. Sisemi ni vibaya, mimi mwenyewe nasikiliza, na Dholuo inayopigwa pale asubuhi ni tamu. Nasema tu ujue umekaa wapi mezani.

Kujua unaongea na nani kuna hatari yake pia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi iliwaka, na Kisumu iliona moto na risasi. Baadaye mtangazaji wa Kass FM, Joshua Sang, alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague. Kesi ilikatizwa Aprili 2016 bila kumtia hatiani. Lakini kwa mara ya kwanza wengi wetu tuliona redio ya kijijini ikijadiliwa mbele ya majaji wa dunia. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya “watu wetu” peke yao kina swali la nne lisilokwepeka: na wale ambao si watu wetu, wakisikia, itakuwaje?

Februari 2010, katika nchi iliyokuwa bado na makovu hayo, lilitokea jarida la vibonzo lililoitwa Shujaaz. Lilitolewa na kampuni ya Nairobi, Well Told Story, lilikuwa bure, na lilifika kwa mamia ya maelfu ya nakala ndani ya Saturday Nation na kupitia vibanda vya M-Pesa. Mhusika mkuu, Boyie, ni kijana aliyemaliza shule, hana kazi, anarusha redio ya kichinichini kutoka chumbani kwake. Na kila mtu anaongea Sheng. Sheng haina kijiji, haina chifu, na ndiyo maana ilifaa.

Nani alilipa? Wafadhili wa maendeleo wa kimataifa, kwa sehemu kubwa. Yaani kwenye karatasi mpango haukuwa mbali sana na ule wa Vugiri: pesa ya nje, mafunzo ya kilimo na afya, hadhira ya Kiafrika. Kulikuwa hata na hadithi ya kupaka vifaranga rangi ili mwewe asiwanyakue. Sasa kwa nini Vugiri inakera na Shujaaz ikapendwa, hadi ikachukua tuzo ya International Emmy mwaka 2012? Jibu langu ni hili: vijana waliruhusiwa kujibu. Walituma SMS, waliandika Facebook, na majibu yao yakarudi kwenye hadithi. Mfadhili alilipa, lakini msomaji alipewa kalamu nyekundu.

Hili kwangu si la nadharia. Shirika moja, sitalitaja, lilinipa kazi ya bango la kipindupindu la kubandikwa Nyalenda. Nilichora mama anayechota maji kisimani, choo cha shimo kikiwa nyuma yake hatua chache, kama ilivyo kwenye ploti nyingi huku. Nikaandika kwa lugha ya mtaa. Bango likapita mikono mitano ofisini. Liliporudi, choo kimeondolewa kwa kuwa “hakipendezi,” maneno yamekuwa Kiswahili cha taarifa ya habari, na theluthi nzima ya chini imejaa nembo za wafadhili. Chanzo cha ugonjwa kikatoka, nembo zikaingia. Nilibisha, nikaambiwa mteja ndiye mfalme. Bango likabandikwa. Watu walilisoma kama wanavyosoma rangi za lile duka la unga: walijua nani amelipa, basi.

Kwa hiyo wewe unayechora, unayehariri video, unayeandikia kampuni maneno ya mtandaoni, siku hizi mteja akiniambia “tunataka kufikia vijana,” mimi huuliza: ni kijana gani, na lini ataonyeshwa kazi kabla haijachapwa? Hilo naliandika kwenye makubaliano, pamoja na bei. Watu watano wa mtaani, saa moja, soda na mandazi. Gharama yake ni ndogo kuliko kuchapa upya. Wateja wengine hukataa, na hapo najua kwamba hadhira yao hasa ni bosi wao. Wengine hukubali, na mara nyingi mzee mmoja kati ya wale watano huona kitu ambacho ofisi nzima haikukiona.

Si hisa za LUTATCO, najua. Lakini ni kiti mezani.