Vyuma vyenye matundu vya karani wa Liverpool

Mwaka 1901, karani wa kampuni ya kuagiza nyama mjini Liverpool, Uingereza, alikopa pauni 5 kwa mwajiri wake ili alipie hataza ya kitu cha kuchezea. Frank Hornby hakuwa amesomea uhandisi. Alikuwa baba aliyezoea kuwaundia wanawe vitu vya kuchezea kwa vipande vya chuma alivyovikata mwenyewe, na tatizo lilikuwa lilelile kila mara: kila chombo kipya kilidai vipande vipya.

Ufumbuzi wake ulikuwa kutoboa vipande vyote matundu ya ukubwa mmoja, yaliyopishana nusu inchi, na kuviunga kwa bolti na nati. Kipande kilichokuwa mkono wa kreni asubuhi, jioni kinakuwa nguzo ya daraja. Tundu hilohilo linalopitisha bolti linabeba pia ekseli ya gurudumu.

Hapo ndipo penye elimu. Mtoto akiunga vipande vinne kuwa fremu ya pembe nne, fremu inayumba. Akiongeza cha mshazari, inasimama imara. Akikaza mno nati ya sehemu inayopaswa kuzunguka, inakwama. Hahitaji mtu wa kumsahihisha, maana chombo chenyewe kinakataa kwenda mpaka atafute kosa lilipo.

Profesa Hele-Shaw, mwalimu wa uhandisi mjini Liverpool, aliusifu uvumbuzi huo. Mwaka 1907 ukapata jina lililovuma duniani, Meccano, na mwaka 1914 kiwanda kikubwa kikafunguliwa katika barabara ya Binns Road mjini humo. Matangazo yaliwalenga wavulana tu. Wasichana walinyimwa bila sababu, na dhuluma hiyo bado ipo katika maduka mengi.

Mwaka 1934, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Douglas Hartree na mwanafunzi wake Arthur Porter walitumia vipande hivyo vya Meccano kuunda mashine ya kukokotoa milinganyo migumu ya hesabu. Iligharimu takriban pauni 20. Majibu yake yalikuwa sahihi kiasi cha kutumika katika utafiti wa atomu, na baadaye kampuni ya Metropolitan-Vickers ikawaundia mashine kubwa kwa mfano huo. Harry Kroto, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1996, naye alisisitiza kwamba Meccano ya utotoni ilimjenga.

Kiwanda cha Binns Road kilifungwa mwaka 1979, lakini somo lake limebaki. Mzazi anayechagua kitu cha kuchezea leo asihadaike na boksi la vipande vya kuunda gari moja tu la kwenye picha. Atafute vipande vinavyofunguka na kuungwa upya kwa namna nyingine. Na asidharau gari la waya ambalo watoto wetu huliunda wenyewe, lenye usukani mrefu unaokata kona kwelikweli, maana kuunganisha usukani huo na magurudumu ya mbele ni uhandisi kamili. Mtoto wa namna hiyo anunuliwe plaizi nzuri na waya wa kutosha.